Nani Anafua Kule Visiwani?

Ulipomwambia leo kuna baridi, alikuuliza, "Kuliko lini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama muuza duka anavyouliza unataka sukari kiasi gani, kisha akasubiri jibu. Na wewe hapo umesimama kituo cha basi cha Malvern, upande wa Scarborough, Toronto, mwezi wa Januari, pua imekufa, masikio hujui kama bado unayo, na mzee mwenye kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi anataka umtajie mwaka. Watu wengi walipomwona anakuja walivuka barabara. Mimi sikuwa na barabara ya kuvuka. Nilikuwa mpangaji wake. Niliishi besimenti, chini ya nyayo zake, na kila alipotembea jikoni mimi nilijua.

Nilikuwa nimetoka mtaa wa Jane na Finch, upande mwingine wa jiji, na kabla ya hapo sehemu nyingine, na kabla ya hiyo nyingine tena. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikizoea njia ya kwenda dukani naanza kuwashwa miguu. Nikishahama, naanza kuikumbuka ile njia ya dukani. Nimehangaika hivyo tangu nimalize kidato cha nne na sasa nina miaka arobaini na kitu. Lakini kwa Mpima Baridi nilikaa muda mrefu kuliko popote, na sababu kubwa ni kwamba nilitaka kujua hadithi yake ya dubu, aliyoisimulia upya kila mwaka, itaishia wapi.

Sote tulimwita Mpima Baridi. Uso kwa uso tulimwita Mzee. Mpaka anastaafu alikuwa mpima hali ya hewa kwenye visiwa vya kaskazini kabisa mwa Kanada, vile vinavyokaa juu ya ramani kama sahani iliyoanguka ikapasuka. Alikwenda kwa zamu: miezi kadhaa kule, miezi kadhaa huku kwa mkewe, ambaye sote tulimwita Shangazi. Kazi yenyewe, ukiisikia, ilikuwa ni kuvaa nguo zote ulizonazo, kutoka nje kwa saa zilezile kila siku, kufungua kisanduku cheupe cha mbao, kusoma kipimajoto na kurudi ndani ukiwa bado na vidole.

"Yaani Mzee," Salum alimwambia siku moja, "walikupandisha ndege mpaka kule kwenda kuangalia kama barafu ni baridi?"

"Ndiyo," alijibu. "Na jibu linabadilika."

Salum alikuwa dereva wa teksi, mtu wa Dar es Salaam, rafiki yake mkubwa na mtesi wake mkuu. Alikuja kila Jumapili kula wali wa Shangazi na kumchokoza mwenye nyumba, kwa mpangilio huo. Yeye ndiye aliyegundua kwamba dubu wa Mpima alikuwa anakua. Mara ya kwanza nilipoisikia, dubu alionekana kwa mbali, akageuka, akaenda zake. Mwaka uliofuata alikuwa amekaa mlangoni. Mwaka wa tatu alikuwa ameshika kitasa.

"Mzee," Salum akasema, "joto la visiwa vyako linapanda, sawa, tumekubali. Lakini halimfikii huyu dubu kwa kasi."

Mpima alicheka mpaka akakohoa. Hilo nalitaja kwa sababu watu walidhani hana utani. Alikuwa nao, ila ulichelewa kufika, kama basi la Jumapili.

Mambo yake mengine hayakupatana. Mtu aliyeishi miaka mingi mahali ambapo chai inaganda ukiisahau nje alikuwa anaweka joto la nyumba yake juu kiasi kwamba wageni walivua makoti, kisha sweta, kisha wakaanza kutazamana. Yeye mwenyewe Januari nzima alikaa na singleti na msuli, akinywa chai ya tangawizi na kulalamika kwamba dunia inapata joto. Alijua aina zote za barafu kwa majina, na alianguka kwenye barafu ya maegesho ya Malvern karibu kila msimu. Na alidharau watabiri wa televisheni kupita kiasi.

"Wale ni waganga," alisema. "Mimi ni mpima. Ukitaka kujua kesho itakuwaje, niulize keshokutwa."

Siku moja kwake haikuwa kitu. Siku moja ni umbea, alisema. Mwaka mmoja ni umbea uliousikia kwa watu wawili. Ukipata wastani wa miaka thelathini, hapo ndipo unaweza kuanza kumwambia mtu habari. Shangazi aliyasikia haya kwa miaka thelathini na zaidi, kwa hiyo na yeye alikuwa na wastani wake. Mpima akisema mchuzi umezidi chumvi, Shangazi hakugeuka hata kichwa.

"Kuliko lini?"

Ni kwenye mchuzi huohuo nilipoelewa habari ya visiwa. Nilikuwa nimemwuliza swali la kijinga: kama jua la kiangazi ndilo linaloleta joto, kwa nini anasema kule majira yanayobadilika zaidi ni ya giza, vuli na baridi? Akainuka, akaenda kwenye jiko, akafunua sufuria ya Shangazi. Mvuke ukampanda usoni.

"Bahari ni huu mchuzi," akasema. "Hata baridi ikoje, maji yana joto kuliko hewa iliyo juu yake. Barafu ni kifuniko. Zamani kifuniko kiliwekwa mapema na kilikuwa kizito. Sasa kinachelewa, tena ni chembamba. Weka mkono hapa."

Nikaweka mkono juu ya sufuria.

"Unaona? Hiyo ndiyo Oktoba ya siku hizi."

"Funika mchuzi wangu," Shangazi akasema.

Nyuma ya nyumba yake ya Malvern alikuwa amejenga kisanduku kama kile cha kule: cheupe, kwenye miguu minne, ubavu wa mbao zilizopishana ili hewa ipite na jua lisiingie. Majirani walidhani ni mzinga wa nyuki. Salum alisema ni banda la kuku na kila Jumapili aliomba mayai. Mpima alitoka kila asubuhi saa ileile, na singleti yake chini ya koti, akasoma, akarudi, akaandika. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa kama askari mstaafu anayejipigia saluti mwenyewe kwenye kioo.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe.

Desemba moja ilikuwa ya ajabu. Theluji ilikataa kushuka. Sisi Watanzania tulikuwa na sherehe yetu ya Uhuru, tarehe tisa, kwenye ukumbi wa kukodi Scarborough, na kwa mara ya kwanza wanaume walitoa majiko kwenye maegesho ya magari wakachoma nyama nje wakiwa na sweta tu. Watoto wetu, ambao Kiswahili wanakisikia lakini wanakijibu kwa Kiingereza, walikuwa wanakimbizana bila kofia. Salum alishika kipaza sauti akamshukuru Mungu kwa niaba ya Waswahili wote wa Toronto kwa kusikia maombi ya miaka mingi. Ukumbi ukapiga makofi.

Mpima akapanda jukwaani bila kuitwa.

Alisema tusishukuru haraka. Alisema Desemba moja ni umbea, lakini yeye ana kisanduku nyuma ya nyumba, na asubuhi za Malvern zimekuwa zikipanda kwa namna inayofanana na visiwa vya kaskazini. Alisema kinachotokea kule kimeshabisha hodi Scarborough. Alizungumza vizuri, na kwa muda mrefu mno, na nyama ikapoa. Lakini watu walimsikiliza. Baadhi waliondoka wakiwa na wasiwasi, na mama mmoja aliniuliza kama anunue koti la baridi au asubiri.

Miezi michache baadaye, asubuhi moja, nilikuwa natoa takataka wakati Mpima yuko kwenye kisanduku chake. Mlango wa jirani ukafunguka. Alikuwa Mama Njeri, muuguzi, Mkenya, ndio kwanza ametoka zamu ya usiku.

"Mzee," akaita kutoka ngazini, "hiyo kitu unaangaliaga kila asubuhi ni nini hasa?"

Mpima akamweleza. Alimweleza kwa kirefu, na visiwa akaviingiza, na asubuhi zinavyopanda.

Mama Njeri akashuka ngazi polepole. Akaangalia kisanduku. Akaangalia ukuta wa nyumba yake, ambako bomba fupi lilikuwa linatoa pumzi nyeupe moja kwa moja kuelekea kwetu. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Ai, Mzee. Hiyo si dunia. Hiyo ni draya yangu."

Draya ni ile mashine ya kukaushia nguo. Mama Njeri alikuwa akirudi kazini kila asubuhi, anatia sare zake kwenye mashine kabla hajalala, na mashine inapuliza joto lake lote nje kupitia lile bomba, kwa saa ileile ambayo mpima wetu wa visiwa vya kaskazini anafungua mlango wa kisanduku. Alikuwa amehamia pale, ukihesabu vizuri, mwaka uleule ambao Malvern ilianza kupata joto.

Mpima alisogea mpaka kwenye bomba. Akainama, akanusa.

"Ni ya maua gani hii?" akauliza.

"Lavenda," akasema Mama Njeri, na machozi ya kicheko yanamtoka.

Nilidhani atajifungia ndani. Nilikosea. Alifurahi. Alipanda ngazi za jikoni akiita jina la mkewe kama mtu aliyetumiwa visa. Sikumwelewa hata kidogo siku ile, na nilimwelewa baadaye tu, Desemba iliyofuata, aliposimama tena kwenye sherehe ya Uhuru, safari hii kwa kuomba nafasi, akasimulia habari ya draya mbele ya ukumbi mzima bila kuficha hata neno. Lavenda aliitaja. Watu walicheka mpaka meza zikatikisika. Mama mmoja alisema koti alishalinunua, basi yaishe.

Salum akasimama kule nyuma.

"Mzee, swali moja. Kama Malvern ilikuwa ni sare za Mama Njeri, kule visiwani nani anafua?"

Ukumbi ukalipuka upya. Mpima akasubiri mpaka ukatulia.

"Salum," akasema, "hilo ndilo swali zuri kuliko yote uliyowahi kuniuliza. Sijui. Nitatafuta. Naomba Mungu nimpate."

Watu walidhani ni utani mwingine uliochelewa. Haukuwa utani. Wakati narudi naye kwenye gari aliniambia kilichokuwa kinamkaa kifuani tangu astaafu. Kule kisiwani, karibu na mwisho wa kazi yake, kulijengwa banda jipya la jenereta, na kisanduku kikahamishwa ili kiwe mbali nalo. Aliyekihamisha ni yeye. Sasa kuna utaratibu, na wapima wote wanaujua: ukihamisha kipimo, huking'oi cha zamani. Unaweka kipya kule, unaacha cha zamani hapa, unavisoma vyote viwili kwa muda mrefu, mpaka ujue tofauti yao. La sivyo, ukiona joto limepanda, huwezi kujua ni dunia iliyobadilika au ni wewe uliyehama. Yeye hakusubiri vya kutosha. Dhoruba ilivunja kile cha zamani, zamu yake ikaisha, akaondoka.

"Kwa hiyo huenda ni mimi," akasema. "Huenda lile joto lote tunalolizungumza ni kosa la mtu mmoja aliyeweka kisanduku pabaya. Unajua ningefurahi kiasi gani?"

"Ungeaibika."

"Ningeaibika vizuri sana. Ningerudi pale ukumbini wanicheke tena."

Sijawahi kumsikia mtu anayeomba awe mjinga kwa dhati kiasi kile.

Alikuwepo mtu mmoja wa kumwuliza, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Aliyempokea zamu kule kisiwani alikuwa mtu wa Newfoundland, mashariki mwa Kanada, ambaye waliwahi kukaa pamoja kituoni, na walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya dagaa. Shangazi alikuwa akimtumia mumewe dagaa wakavu kwa ndege ya mizigo, na Mpima akawakaanga kwenye jiko la kituo, nyumba ndogo isiyofunguliwa dirisha miezi yote ya baridi. Siku moja yule bwana alishindwa kuvumilia. Alibeba mfuko mzima akautupa nje kwenye theluji. Na kilichokuja kuwafuata wale dagaa, hatimaye niliambiwa, ndicho chanzo cha hadithi ya dubu. Alikuwa ni mbweha, tena mdogo.

"Mpigie simu," Shangazi alimwambia mezani.

"Nimpigie mtu aliyetupa dagaa wangu?"

"Dagaa walikuwa wangu. Mimi nimeshamsamehe. Piga."

Hakupiga. Aliwapigia wengine wote: wapishi, marubani, fundi wa jenereta, mtu mmoja aliyekuwa kiziwi kabisa na aliyezungumza naye jioni nzima. Aliuliza injini za ndege ziligeukia wapi, moshi ulivuma upande gani, kama kuna mtu aliyewahi kuanika chochote. Kila Jumapili Salum aliuliza, "Mzee, umempata dobi?" na kila Jumapili jibu lilikuwa bado. Aliyebaki alikuwa mtu wa dagaa.

Mimi miguu ikaanza kuniwasha. Nilipata kazi magharibi mwa Kanada, nikamwambia Mpima nahama. Nilitaka kumrudishia ufunguo wa besimenti. Akaukataa.

"Kaa nao msimu mmoja," akasema. "Wewe kila ukihama unang'oa. Halafu unalalamika mahali papya pabaya. Pabaya kuliko wapi, na ulishaondoa cha kulinganishia?"

Nilikaa nao misimu zaidi ya mmoja. Niliuweka kwenye bakuli kando ya vikombe vya kahawa, na niliuona kila asubuhi. Sitasema ulinisaidia. Ila kuna mji mmoja ambao bila huo ufunguo ningeuhama mapema zaidi.

Niliporudi Toronto ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Shangazi alikuwa amefariki. Nyumba ya Malvern iliuzwa, na Mpima alikuwa amehamia Thornhill kwa binti yake, mtaa ambao bila gari hata mkate huupati. Salum alinipeleka. Teksi alikuwa ameiacha, mgongo ulikataa, lakini aliendesha kama bado anakimbiza abiria wa uwanja wa ndege. Ilikuwa Desemba na tulikuwa tumeshusha vioo.

"Alimpigia," Salum aliniambia njiani, na hakuongeza neno. Salum kutoongeza neno kulinitisha.

Tulimkuta sebuleni, amekuwa mdogo, na singleti ileile. Sebule ilikuwa tanuri. Binti yake alitukaribisha kwa Kiswahili cha kuokoteza, akaenda jikoni. Nikampa pole ya Shangazi. Akaitikia, akatazama mlango wa jikoni kwa muda, kisha akaanza mwenyewe.

"Baada ya mazishi nikaona nimalize alichonituma," akasema. "Nikampigia. Unajua aliniambia nini? Alisema, 'Nilijua utapiga.' Nikamwuliza habari ya kisanduku. Akacheka. Aliponipokea zamu alikuwa bado na hasira zake za harufu, akasema huyu lazima kakosea mahali, nitamkamata. Akajenga kisanduku kingine palepale pa zamani. Akavisoma vyote viwili, kila siku, miaka yote aliyokuwa kule, na akamwachia wa baada yake afanye vilevile. Kwa chuki tu. Alitaka kunikuta na kosa."

"Akalikuta?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshamwona usoni.

"Tofauti ndogo. Ndogo kama hakuna. Na vyote viwili vinapanda."

Salum alikuwa anachezea ukingo wa kofia yake.

"Nilimwambia asante," Mpima akasema. "Nikamwambia, ulinitendea wema kuliko rafiki yangu yeyote. Akasema ana habari kwamba wale dagaa mbweha alikula wote. Tukazungumza saa nzima. Mtu mzuri sana. Mjinga mimi."

Kisha akainuka, akashika fimbo, akasema twende nje. Tulimvalisha koti asilolihitaji. Nyuma ya nyumba nyasi zilikuwa kijani, zimelowa. Hakukuwa na kisanduku. Alikuwa amekataa kujenga kingine. Alisema hana miaka thelathini ya kukaa Thornhill. Alitupeleka mpaka katikati ya ua, mbali na kuta zote, mbali na bomba la jirani.

"Nuseni," akasema.

Tukanusa. Wanaume watatu wazima, vichwa juu, nyuma ya nyumba ya watu. Dirisha la jikoni likafunguka na binti yake akauliza kwa Kiingereza tunafanya nini. Baba yake akampungia mkono.

"Unasikia sabuni?" akaniuliza.

"Sisikii, Mzee."

"Lavenda?"

"Hapana."

Akamgeukia Salum. Salum alikuwa amefumba macho. Alivuta pumzi ndefu kuliko sisi wote, akaishikilia, kama mtu anayetafuta ile harufu kwa nguvu, kama mtu ambaye angeikuta angeibeba kwa mikono miwili akamletea mwenzake. Akaiachia polepole.

"Hakuna kitu, Mzee."

Upepo ulipita, wa uvuguvugu. Salum akafungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, akatazama nyasi.

"Leo kuna joto," akasema.

Tulimsubiri Mpima aulize. Hakuuliza.